Msuluhishi Hana Fimbo

SOMO LA VIKUNDI VYA MTAA
Ya kusoma kabla ya somo: Mathayo 18:15–17, Wafilipi 4:2–3, Filemoni 8–21



Safari hii tunapenda kujifunza juu ya mahali ambapo wengi wetu hukaa saa nyingi kuliko kanisani, na pengine kuliko hata nyumbani, nalo ni mahali pa kazi. Sisi watu wa Magole hatutegemei jembe peke yake. Wako kati yetu walimu, wauguzi, makarani, wapishi wa shule, madereva, walinzi, wahudumu wa nyumba za wageni za barabara kuu, waendesha mashine za kusaga, na vibarua wa mashamba ya mpunga. Wako pia vijana wanaotafuta ajira katika miwa, hasa tangu kilipojengwa kiwanda cha sukari cha Mkulazi pale Mbigiri, katika wilaya yetu hii hii ya Kilosa.

Mahali penye watu wafanyao kazi pamoja hapakosi ugomvi. Wazee walisema kwamba vyombo vikiwa kabatini havikosi kugongana. Hilo halitushangazi. Linalotushangaza ni hili: mtu akikosana na mkewe, au na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, ajua aende kwa nani. Ataenda kwa wazee, kwa mshenga, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Lakini akikosana na mwenzake kazini hana pa kwenda, ila kwa mkubwa wa kazi, ili amshitaki mwenziwe kabla mwenziwe hajamshitaki yeye. Mkubwa naye mara nyingi huwa na dawa mbili tu, barua ya onyo na barua ya kufukuza.

Katika somo hili tutajifunza dawa ya tatu, yaani usuluhishi. Tutaona maana yake, jinsi unavyofanywa, sheria ya nchi inavyousimamia, na mahali usipofaa.

1. UGOMVI WA KAZINI UNA SEHEMU MBILI

Tukiuchunguza ugomvi wa kazini tutaona kwamba mara nyingi una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni jambo lenyewe: zamu ya usiku, posho, ufunguo wa stoo, nani hakufunga geti. Sehemu ya pili ni jeraha: "Alinisema mbele ya watu." "Hakuitikia salamu yangu." "Ananiamuru kama mtoto, na mimi ni umri wa mama yake." Jambo lenyewe laweza kumalizwa kwa karatasi. Jeraha halimalizwi kwa karatasi, nalo ndilo huufanya ugomvi uendelee hata baada ya zamu kupangwa upya. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Historia ya nchi yetu yatufundisha hivyo. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mambo mengine ulimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea walio chini yake. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda mbalimbali, hasa Dar es Salaam, waliacha kazi na kutoka nje huku wakiutaja Mwongozo huo. Madai yao mengi hayakuwa ya mshahara. Walilalamikia meneja mwenye matusi, msimamizi mwenye upendeleo, mkubwa asiyesikiliza. Kumbe mfanyakazi aweza kuvumilia mshahara mdogo kwa miaka, lakini dharau ya siku moja ikamtoa nje ya geti.

Kwa hiyo anayetaka kupatanisha watu kazini akitengeneza jambo na kuliacha jeraha, amefunika moto kwa majani makavu.

2. MSULUHISHI SI HAKIMU

Tusichanganye kazi hizi tatu. Hakimu husikiliza pande mbili, kisha husema nani ameshinda, na nguvu ya dola iko nyuma yake. Mwamuzi naye husikiliza na kukata shauri, ingawa hakai mahakamani. Msuluhishi hakati shauri. Kazi yake ni kuwasaidia wagombanao wasikilizane mpaka wao wenyewe wapate mapatano wanayoweza kuyatimiza. Hana fimbo wala muhuri. Wakikataa kupatana, hawezi kuwalazimisha.

Mtu aweza kuuliza, basi faida yake nini? Faida ni kwamba hukumu huacha mshindi na mshindwa, na kesho wote wawili watarudi katika jiko moja, wodi moja, ofisi moja. Aliyeshindwa atapika, lakini atapika kwa kinyongo. Mapatano ni mali ya wote wawili. Mtu hulinda alichokijenga kwa mikono yake kuliko alichoamriwa.

Kwa kuwa hana fimbo, msuluhishi anategemea mambo matatu tu. La kwanza, pande zote mbili zimkubali. La pili, awe na kinywa kilichofungwa. La tatu, asiwe na faida yo yote katika ushindi wa upande mmoja. Ndiyo maana ndugu wa mmoja wao hafai, hata akiwa mtu mwema. Mkubwa wao wa kazi naye mara nyingi hafai, kwa sababu yeye ndiye mwenye kalamu ya kuandika barua, na mbele ya kalamu hiyo hakuna asemaye yaliyomo moyoni.

Huku kwetu jambo hili si geni. Twamjua mtani. Mtani huingia penye msiba, hata penye hasira, akasema maneno ambayo ndugu angeyasema yangezua vita, na watu wakayapokea kwa kuwa wajua hasemi kwa faida yake. Msuluhishi ana kitu kidogo cha mtani. Tofauti ni kwamba yeye hufanya kazi zaidi kwa kunyamaza na kuuliza kuliko kwa kusema.

3. MFANO: JIKO NA GHALA

Tuchukue mfano. Mfano huu si habari ya shule fulani. Tumeutunga ili tujifunze.

Katika shule ya bweni wako wanawake wawili. Mmoja ni mpishi mkuu, mama mtu mzima. Mwingine ni mtunza ghala, msichana aliyetoka mafunzoni. Mizani ya shule imeharibika, hivyo mtunza ghala hupima mahindi ya kupeleka mashineni kwa debe. Yeye hulihesabu debe moja kuwa kilo 20. Kila siku hutoa madebe matano na kuandika daftarini kilo 100. Wanafunzi wanalalamika kuwa ugali hautoshi. Mtunza ghala anatazama daftari lake na kuona kilo 100 zimetoka. Basi zinakwenda wapi? Siku moja anauliza swali hilo kwa sauti, penye dirisha la jiko, wanafunzi wakiwa kwenye foleni na sahani zao mkononi.

Mpishi naye ana hesabu yake. Amepika miaka mingi, ajua kwamba gunia la kilo 100 hujaza madebe sita hivi. Yeye hupewa matano. Anajibu kwa sauti ile ile: "Debe la sita la kila gunia linabaki ghalani. Muulizeni yeye anampelekea nani!"

Tangu siku hiyo hawaamkiani. Mtunza ghala hafungui mlango mpaka aletewe karatasi yenye sahihi. Mpishi hatumi mtu ghalani mpaka jua limepanda. Chakula cha saa saba kinaliwa saa tisa. Mkuu wa shule amechoka, anataka kuwaandikia barua wote wawili.

Mwalimu mmoja mzee, asiyehusika na jiko wala ghala, anamwomba mkuu wa shule siku tatu. Jioni ya kwanza anakwenda kwa mpishi peke yake. Anamwamkia, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho. Hamwambii asamehe. Anamwuliza swali moja: "Mama, katika yote haya, ni lipi linalokuuma zaidi?"

Mpishi hataji madebe. Anasema: "Kuitwa mwizi mbele ya watoto ninaowalisha."

Jioni ya pili anakwenda kwa mtunza ghala na swali lile lile. Binti anajibu: "Daftari lina jina langu, Mwalimu. Mkaguzi akija, atakayefungwa ni mimi."

Tazama, mmoja aogopa kupoteza jina lake jema, na mwingine aogopa gereza. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka mahindi.

Siku ya tatu wanakaa wote watatu katika darasa tupu, si katika ofisi ya mkuu. Masharti ni mawili. Kila mmoja aseme bila kukatizwa. Na kabla ya kujibu, kila mmoja arudie kwanza alichosikia mwenziwe akisema, mpaka mwenziwe aseme, "Ndivyo." Mpishi anarudia: "Anasema anamwogopa mkaguzi." Mtunza ghala anarudia: "Mama anasema nilimwita mwizi mbele ya watoto." Halafu kimya. Mwalimu naye ananyamaza. Ndipo mpishi anapouliza, kwa sauti ya chini: "Kwani wewe debe moja unaliandika kilo ngapi?"

"Ishirini, Mama."

"Debe la mahindi halifiki hata kumi na nane, mwanangu."

Wanachukua debe mpaka mashineni, wanalipima kwenye mizani: kilo 17. Madebe matano ni kilo 85. Ndiyo maana ugali hautoshi, na ndiyo maana debe la sita linabaki. Wanafungua ghala pamoja na kuyakuta mahindi katika magunia yaliyofunguliwa, kwa maana daftari lilihesabu kilo zilizotoka tu, na hakuna aliyepima zilizobaki. Hakuna mwizi. Walikuwako watu wawili waaminifu wakihesabu kwa vipimo viwili.

Mapatano yao yanaandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kwamba shule iombwe kutengeneza mizani, na kwa sasa debe liandikwe kilo 17. Kwamba kila asubuhi wote wawili watie sahihi daftarini. Kwamba kila mmoja ataondoa maneno yake pale pale aliposemea, mbele ya wanafunzi. Na kwamba likizuka jambo jingine watazungumza wao kwa wao kwanza.

Sasa tufikiri. Kama mwalimu yule angekuwa hakimu, angetazama daftari, akaona kilo 100, akamhukumu mpishi. Au angehesabu magunia, akamhukumu mtunza ghala. Katika hukumu zote mbili angekuwa na ushahidi mkononi, na zote mbili zingekuwa uonevu. Ukweli ulikuwa umegawanyika, nusu jikoni na nusu ghalani, na hakuna awezaye kuuunganisha isipokuwa wenyewe.

4. HATUA ZA KUFUATA

Kutokana na mfano huo twaweza kuandika hatua hizi:

(a) Kwanza wawili wenyewe. Mathayo 18 yaanza hapo: mwenye kukosewa amwendee aliyemkosea, peke yao. Magomvi mengi yangeishia hapa kama tungekuwa na ujasiri wa kwenda.

(b) Wakishindwa, atafutwe msuluhishi anayekubaliwa na wote wawili. Asijiteue mwenyewe, wala asiletwe na upande mmoja.

(c) Asikilize kila mmoja peke yake. Mwamba ngozi huvutia kwake. Hivyo asiamini habari ya upande mmoja, lakini pia asiidharau. Aulize kinachouma, na kila mmoja anaogopa nini.

(d) Awakutanishe mahali pasipo pa upande wo wote, kwa muda wa kutosha, bila watazamaji.

(e) Kila mmoja aseme bila kukatizwa, na arudie aliyoyasikia. Hatua hii ni ngumu kuliko zote, na haifai kurukwa.

(f) Mapatano yawe ya matendo yanayoonekana: nani atafanya nini, lini, na nani atajua kuwa limefanyika. "Tutapendana" si mapatano. "Kila asubuhi tutatia sahihi wote wawili" ni mapatano. Yaandikwe, yasomwe, yatiwe sahihi.

(g) Radhi iombwe mahali kosa lilipotendeka. Aliyetukanwa hadharani akiombwa radhi chumbani, jeraha lake limefungwa nusu.

(h) Msuluhishi afunge kinywa. Hapa sisi watu wa kanisa tujihadhari sana. Tunayo desturi ya kusimama kwenye ibada na kusema, "Tuwaombee fulani na fulani, kazini kwao hakuna amani." Tumeomba, na papo hapo tumetangaza. Mungu anazo habari zao. Haihitajiki kumtajia majina kwa kipaza sauti.

5. WATENDA KAZI WAWILI WA FILIPI

Euodia na Sintike walikuwa wanawake waliofanya kazi ya Injili pamoja na Paulo. Walikosana. Maandiko hayatuambii sababu, wala Paulo hasemi nani alikosea. Aliwasihi kila mmoja kwa jina lake, akitumia neno lile lile kwa wote wawili, asije akaonekana ameegemea upande. Kisha akamwomba mtu wa tatu awasaidie. Mtu huyo hakutajwa jina, na mpaka leo hatumjui. Labda hivyo ndivyo inavyofaa msuluhishi awe.

Waraka kwa Filemoni una funzo jingine. Paulo anasimama kati ya bwana na mtumwa wake, watu wasio na nguvu sawa. Hakulificha deni. Alilitaja wazi, na akajitolea kulilipa yeye mwenyewe kama lipo. Usuluhishi una gharama kwa anayeufanya: jioni zake, nauli yake, na pengine lawama za pande zote mbili.

Tena tukumbuke Paulo na Barnaba walivyoshindana juu ya Yohana Marko hata wakaachana (Matendo 15:36–41). Si kila usuluhishi humaliza kwa watu kubaki pamoja. Wakati mwingine mapatano mema ni kuachana kwa heshima, kila mtu na haki yake. Na kuachana vizuri huacha mlango wazi, maana baadaye Paulo aliagiza Marko aletwe kwake, akimtaja kuwa wa msaada (2 Timotheo 4:11).

6. SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Baadhi yetu hufikiri usuluhishi ni jambo la upole tu, na sheria ni jambo jingine. Sivyo. Tangu zamani nchi yetu imeuweka usuluhishi ndani ya sheria za kazi. Sheria ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi na mabaraza ya usuluhishi, ili mfanyakazi asifukuzwe kwa hasira ya mkubwa wake. Utaratibu huo uliondolewa na sheria mpya mbili za mwaka 2004, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi mwaka 2007. Jina lake lenyewe latufundisha mpango, kwanza usuluhishi, ndipo uamuzi.

Mpango wenyewe ni huu. Mwenye lalamiko hujaza fomu ya Tume na kumpa mwenziwe nakala. Tume huteua msuluhishi, naye ana siku 30 za kuwapatanisha, isipokuwa wote wawili wakubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Mfanyakazi aweza kuwa na mwakilishi, kwa mfano kiongozi wa chama chake: TPAWU kwa watu wa mashamba, CHODAWU kwa watu wa hoteli na kazi za majumbani. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni ya siri. Mtu akikiri kitu katika kutafuta amani, maneno yake hayatumiki dhidi yake baadaye. Wakipatana, mapatano huandikwa, hutiwa sahihi, na huwafunga wote. Wasipopatana, msuluhishi hutoa hati ya kwamba imeshindikana, ndipo shauri huenda kwa mwamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huduma ya Tume haina malipo, na kwa sisi ofisi yake iko Morogoro mjini.

Watu wasipuuze wito wa msuluhishi wa Tume kwa kudhani kwamba hana nguvu. Mlalamikaji asipofika, lalamiko lake laweza kufutwa. Mlalamikiwa asipofika, shauri laweza kuamuliwa bila yeye.

Sasa, ndugu msomaji, shika jambo hili hata ukisahau mengine yote. Anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anapaswa kupeleka lalamiko lake Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Malalamiko mengine yana siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu wazee mnazungumza. Mtu aliyefukuzwa huja kwetu, nasi kwa nia njema twamwambia, "Vumilia, tutamwona bosi wako Jumapili." Jumapili ya kwanza bosi amesafiri. Ya pili ni msiba. Ya tatu anasema atafikiri. Ya nne siku 30 zinakaribia kwisha, na ya tano zimekwisha. Aliyechelewa aweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za kuridhisha, lakini hana hakika ya kukubaliwa. Basi tumpatanishe, lakini fomu ijazwe mapema. Kujaza fomu hakuzuii kupatana, maana hata huko Tume kazi ya kwanza ni kupatanisha.

Watumishi wa umma, kama walimu na wauguzi wa serikali, wana njia yao. Inawapasa kumaliza kwanza taratibu za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kwenda Tume hiyo. Waulize mapema kwa chama chao, kama CWT kwa walimu au TUGHE kwa watumishi wa serikali na afya.

7. MAHALI USULUHISHI USIPOFAA

Dawa njema ikitolewa kwa ugonjwa usio wake hudhuru. Yako mambo ambayo hatupaswi kuyasuluhisha.

Mtu aliyepigwa kazini apelekwe hospitali na polisi. Mkubwa anayemtaka mfanyakazi kimwili ili ampe kazi, zamu nzuri au cheo, hana ugomvi na mfanyakazi huyo; anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yalihesabu tendo hilo kuwa rushwa, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU au polisi. Kumkalisha binti huyo mbele ya mtu huyo na kumwambia "ongeeni yaishe" ni kumwonea mara ya pili. Vivyo hivyo mtoto aliyeajiriwa chini ya umri unaokubaliwa na sheria, na wizi wa mali ya umma. Mambo haya si yetu kuyafunika.

Pia tuangalie nguvu za pande mbili. Kati ya mpishi na mtunza ghala nguvu zililingana kidogo. Kati ya tajiri na kibarua wake hazilingani. Kibarua aweza kusema "nimekubali" kwa sababu ya njaa. Msuluhishi akiona hivyo, asifurahie sahihi. Amwulize kibarua akiwa peke yake kama amekubali kweli, ampe nafasi ya kuwa na mtu wa kumsemea, na amweleze haki zake kabla hajatia kidole gumba. Amani inayopatikana kwa kumnyamazisha mnyonge si ile Paulo aliyowatafutia watu wa Filipi. Hiyo ni kimya tu, na kimya cha namna hiyo kina gharama ambayo hulipwa na mmoja.

Tena tujihadhari na neno "samehe" tunalolitamka upesi. Kusamehe ni agizo kwetu sote. Lakini mtu aliyenyimwa mshahara wa miezi mitatu aweza kumsamehe mwajiri wake leo, na kesho bado anadai mshahara wa miezi mitatu. Msamaha haufuti daftari la malipo.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

Viongozi wa vikundi wachague maswali matatu au manne kwa kila kikao.

(1) Kumbukeni ugomvi wa kazini mnaoujua, bila kutaja majina wala mahali. Jambo lenyewe lilikuwa nini? Jeraha lilikuwa nini? Ni lipi lilishughulikiwa?

(2) Katika mfano wa jiko na ghala, kwa nini mwalimu hakuanza na swali la madebe?

(3) Wawili wenu wajaribu mbele ya kikundi: mmoja aeleze lalamiko kwa dakika tatu, mwingine arudie bila kujitetea. Kisha wasemeni ni kitu gani kilikuwa kigumu.

(4) Kwa nini mkubwa wa kazi mara nyingi hafai kuwa msuluhishi wa watu wake? Je, yako mambo ambayo anafaa?

(5) Paulo alijitolea kulipa deni la Onesimo. Katika kupatanisha watu leo, gharama ya msuluhishi ni nini?

(6) Mtu amekuja kwako, ameachishwa kazi siku 22 zilizopita, na anataka kanisa limwombee apatane na mwajiri wake. Utafanya nini kwanza?

(7) Tajeni mambo mawili ambayo kikundi chenu hakitayasuluhisha, bali kitayapeleka panapohusika.

Mwisho, tunashauri kila mtaa uwafikirie watu wawili au watatu, wanawake kwa wanaume, wenye umri na vinywa vilivyofungwa, ambao mfanyakazi mwenye ugomvi aweza kuwaendea bila hofu. Wasipewe cheo wala beji. Watu wajue tu kwamba wapo, na kwamba watakapoitwa watakwenda kusikiliza.